UCHAMBUZI: Mwongozo hautoshi kumvusha mtahiniwa wa Busia na Malaba katika fasihi ya Kiingereza

KILA muhula wa mwisho unapokaribia, wanafunzi wa Kidato cha Nne katika shule za upili zilizo karibu na vituo vya mpaka vya Busia na Malaba huingia katika mbio zinazofanana. Vitabu vya fasihi ya Kiingereza vilivyokuwa vimelala kabatini hufunguliwa, madaftari ya muhtasari huzungushwa kutoka dawati moja hadi jingine, na miongozo yenye kurasa chache husakwa kwa pupa.

Mbio hizo si za Kaunti ya Busia pekee. Zinashuhudiwa kote nchini. Hata hivyo, katika eneo hili la mpakani zina uzito wake. Hapa mwanafunzi anaweza kusikia lugha nne au tano kabla ya saa sita mchana, kisha akatakiwa athibitishe kwa lugha ambayo huenda haizungumzwi nyumbani kwao kwamba ameielewa riwaya inayohusu mkutano wa marais wa Afrika mjini Banjul, au nyingine kuhusu mchoraji mzee wa Japani.

Isitoshe, muda unayoyoma. Wanafunzi waliofanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka wa 2023 waliingia Kidato cha Kwanza 2024, na wanatarajiwa kuufunga mfumo wa 8-4-4 kwa KCSE ya 2027. Kadiri mwaka huo unavyokaribia, ndivyo nafasi ya kurudia darasa inavyozidi kuwa finyu. Kosa ambalo zamani lingerekebishwa kwa mwaka mmoja zaidi shuleni sasa linaweza kumfuata kijana maishani.

Swali linalofaa kuulizwa na walimu, wazazi na watahiniwa wenyewe ni hili: je, maandalizi yanayofanywa yanalenga kile ambacho mtihani wenyewe unadai?

Alama ziko wapi

Ni vyema kuanza na hesabu, kwa kuwa ndiyo husahaulika. Somo la Kiingereza katika KCSE lina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200.

Karatasi ya kwanza ina alama 60. Kati ya hizo, 20 ni za uandishi wa kiuamilifu kama vile barua na ripoti, 10 ni za kujaza mapengo na 30 ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Karatasi ya pili ina alama 80: ufahamu 20, dondoo kutoka kwenye kitabu teule 25, shairi au hadithi ya fasihi simulizi 20, na sarufi 15. Karatasi ya tatu ina alama 60, zikigawanywa sawa kati ya insha ya kubuni, insha ya kitabu cha lazima na insha ya kitabu cha hiari.

Mwanafunzi akijumlisha dondoo, swali la ushairi au fasihi simulizi na insha mbili za vitabu, atapata alama 85 kati ya 200. Hiyo ni zaidi ya asilimia 42 ya somo zima. Alama 65 kati ya hizo, yaani karibu thuluthi moja ya somo, hutoka moja kwa moja katika vitabu vilivyoteuliwa. Hata katika karatasi ya kwanza, mashairi, vitendawili na vitanza ndimi hutumiwa kupima matamshi na usemaji.

Kwa maneno mengine, mwanafunzi anayejua sarufi kama alfabeti lakini hajasoma vitabu ameanza safari akiwa na pancha. Ndiyo maana walimu wengi husikitika wanapomwona kijana akikesha akikariri kanuni za nyakati za vitenzi, ambazo zimo katika sehemu ya alama 15, huku akiahirisha kusoma vitabu vyenye alama 65.

Vitabu vyenyewe vinajulikana. Orodha iliyoanza kutahiniwa 2023 ilileta riwaya ya Fathers of Nations yake Paul B. Vitta na tamthilia ya The Samaritan yake John Lara kama vitabu vya lazima. Kwa upande wa hiari kulikuwa na mkusanyiko wa hadithi fupi wa A Silent Song uliohaririwa na Godwin Siundu, tamthilia ya Parliament of Owls yake Adipo Sidang', na riwaya ya An Artist of the Floating World yake Kazuo Ishiguro, mwandishi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2017.

Kuna jambo jingine ambalo limebadilisha hesabu za watahiniwa. Kuanzia KCSE ya 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa kutumia Hisabati, lugha moja ambayo mwanafunzi amefanya vyema zaidi, na masomo mengine matano bora. Baadhi ya vijana waliutafsiri uamuzi huo kama ruhusa ya kukipa Kiingereza kisogo na kukumbatia Kiswahili pekee.

Tafsiri hiyo ni ya hatari. Kozi nyingi za vyuo vikuu zina masharti yake ya somo kwa somo, na anayetaka kusomea ualimu wa Kiingereza na fasihi hawezi kulikwepa somo hilo. Aidha, mwanafunzi hajui mapema ni lugha ipi itakayomwokoa. Mwenye busara huzitayarisha zote mbili.

Mwongozo na mipaka yake

Si haki kuulaani mwongozo moja kwa moja. Kwa mwanafunzi aliyekwisha kusoma kitabu, mwongozo mzuri humkumbusha mtiririko wa matukio, humwonyesha maudhui ambayo huenda yalimpita na humpa mifano ya maswali. Tatizo huzuka pale mwongozo unapogeuzwa kuwa kitabu chenyewe.

Katika usahihishaji unaozoeleka wa insha ya kitabu teule yenye alama 20, utangulizi hupewa alama mbili, hoja nne hupewa alama tatu kila moja, hitimisho alama mbili, na lugha alama nne. Hoja haipati alama zake zote kwa kutajwa tu. Sharti itajwe, ithibitishwe kwa tukio mahususi kitabuni, kisha ihusishwe na swali. Ni katika hatua hizo mbili za mwisho ambapo msomaji wa mwongozo huanguka.

Tuseme mtahini ametaka ionyeshwe, kwa kurejelea Fathers of Nations, kwamba maumivu ya mtu binafsi yanaweza kumsukuma katika siasa. Aliyesoma mwongozo pekee atakumbuka kwamba Profesa Kimani ni Mkenya, ni msomi na amekata tamaa. Ataorodhesha sifa hizo na kuendelea. Aliyesoma riwaya atajua namna msomi huyo alivyoachwa na mkewe, ambaye alimfuata mwanasiasa, na namna jeraha hilo linavyofungamana na hasira yake dhidi ya taifa linalomtukuza mbunge na kumdharau mwalimu wake wa chuo kikuu. Wa kwanza ametoa orodha ilhali wa pili amejenga hoja.

Dondoo la karatasi ya pili ndilo humuumbua zaidi mwanafunzi wa njia za mkato. Mtahini huchukua ukurasa mmoja wa kitabu na kuuliza ni nini kilichotokea kabla, ni nini kinachofuata, mzungumzaji ana hisia gani na mwandishi ametumia mbinu gani. Maswali hayo hayajibiwi kwa muhtasari wa sura. Yanadai mtu aliyepita katika ukurasa huo kwa macho yake mwenyewe, ikiwezekana zaidi ya mara moja.

Malalamiko ya wasahihishaji kuhusu somo hili yamekuwa yale yale kwa miaka mingi: watahiniwa husimulia hadithi badala ya kujibu swali, hutoa hoja zisizo na ushahidi, na huandika insha walizokariri hata kama haziambatani na kilichoulizwa. Insha iliyokaririwa hutambulika upesi, kwa sababu utangulizi wake humeremeta na mwili wake hauhusiani na swali.

Lugha nyingi katika kichwa kimoja

Kwa mwanafunzi wa Busia na Malaba, kuna mzigo wa ziada ambao haupaswi kupuuzwa. Katika Teso Kaskazini, uliko mji wa Malaba, na Teso Kusini, Kiteso ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi. Kusini na mashariki mwa kaunti kuna Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wanyala, ambao lahaja zao ni za jamii ya Waluhya. Sokoni na katika vituo vya malori, Kiswahili ndicho hutawala, kikichanganyika na Kiganda na Kiingereza cha upande wa pili.

Utajiri huo wa lugha ni baraka, lakini katika chumba cha mtihani huweza kugeuka kuwa kizingiti. Mwanafunzi hufikiri kwa lugha moja, akapanga sentensi kwa nyingine na kuiandika kwa ya tatu. Anayechukua msemo wa Kiswahili kama "alimchezea shere" na kuutafsiri neno kwa neno hupata sentensi ambayo msahihishaji wa kutoka pembe nyingine ya nchi hataielewa. Hizo ni alama za lugha zinazopotea pasipo sababu.

Suluhu haiko katika kuwaadhibu wanafunzi wanaozungumza lugha za mama shuleni. Adhabu hiyo ni ya tangu enzi za ukoloni, na mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliikemea maishani mwake. Mtoto anayeaibishwa kwa lugha yake hujifunza kunyamaza, na anayenyamaza hawezi kujadili riwaya.

Njia yenye mantiki ni kukubali kwamba mjadala wa kwanza kuhusu kitabu unaweza kufanyika kwa lugha yoyote ambayo wanafunzi wanaimudu. Wakishaelewa kwa nini mhusika alitenda alivyotenda, ndipo waulizwe wayaandike maelezo hayo kwa Kiingereza, hoja moja kwa kila aya. Kuelewa kukitangulia, lugha hupata kitu cha kubeba. Kinyume chake ni kumtaka mwanafunzi abebe gunia tupu kwa ustadi.

Fasihi simulizi nayo ipo karibu kuliko inavyodhaniwa. Vitendawili vya Kiteso, ngano za Waluhya kuhusu mazimwi na sungura, nyimbo za mazishi na za kutahiri, yote haya ni mali ghafi ya swali lenye alama 20. Mwanafunzi anayejua kwamba ngano ya bibi yake huwa na fomula ya kufungulia, nyimbo zinazorudiwarudiwa na funzo la mwisho, tayari anajua mengi ambayo karatasi ya pili huuliza. Kilichobaki ni kuyapatia majina yake ya kitaaluma kwa Kiingereza.

Maisha ya mpakani ndani ya vitabu

Wengi huchukulia kwamba mtoto wa mpakani yuko nyuma ya mwenzake wa Nairobi katika fasihi. Kwa upande wa maktaba na nakala za vitabu, huenda ni kweli. Kwa upande wa tajriba ya maisha, ni vigumu kushikilia dai hilo.

Chukua hadithi ya Meja Mwangi katika A Silent Song, inayomhusu muuza matunda asiye na leseni anayekimbizwa na askari wa jiji na kuishia mikononi mwa umati. Ni nani anayeweza kuielewa hofu ya mchuuzi huyo kuliko kijana ambaye mamaye huvusha nyanya, mayai au mitumba kila siku ya soko, akiwaza kuhusu ushuru na vibali? Au hadithi ya Stanley Gazemba ya mtu aliyeuza shamba kisha akakosa usingizi kwa sababu ya fedha alizolipwa. Katika kaunti ambako ploti za kando ya barabara kuu zinazidi kupanda bei na urithi wa ardhi hugombaniwa, hadithi hiyo haihitaji mwongozo.

Katika mkusanyiko huo huo kuna hadithi ya Gloria Mwaniga kuhusu kijana anayetolewa na familia yake kwa kundi la wapiganaji kwa kukosa fedha za kulipa. Mandhari yake ni eneo la Mlima Elgon, kaskazini mwa Malaba, ambako mapigano ya kundi la Sabaot Land Defence Force kati ya 2006 na 2008 yaliwafurusha watu wengi makwao. Mtahiniwa wa Teso anaposoma hadithi hiyo, anasoma kuhusu majirani zake.

The Samaritan nayo inahusu wanafunzi wanaobuni programu ya simu ya kuwawezesha raia kuripoti ufisadi katika manispaa yao. Mahali ambapo foleni ya malori, mizigo na mihuri ni sehemu ya maisha ya kila siku, mazungumzo kuhusu hongo hayawezi kuwa mageni.

Hata jina ambalo ulimwengu mzima wa Afrika Mashariki hutumia kwa pikipiki za abiria lina asili yake hapa. Neno boda boda linahusishwa na waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya Busia miongo kadhaa iliyopita. Mwanafunzi anayeandika insha ya kubuni na kuacha vituko kama hivyo, akakimbilia kuandika kuhusu ndege iliyotekwa nyara au kasri ambalo hajawahi kuliona, hujinyima alama 20 zilizo mlangoni pake.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Tajriba ni taa ya kusomea, si jibu. Katika insha ya kitabu teule, msahihishaji hatoi alama kwa kisa cha magendo kilichotokea Malaba. Anatoa alama kwa kilichomo kitabuni. Mwanafunzi anapaswa kuyatumia maisha yake kuelewa kwa nini muuza matunda alikimbia, kisha athibitishe hoja yake kwa maneno na matendo ya mhusika huyo. Asiyetofautisha insha hizo mbili hupoteza katika zote.

Mifumo miwili, mpaka mmoja

Mpaka huu una historia inayofaa kukumbukwa. Hadi 1902, magharibi mwa Kenya palikuwa sehemu ya himaya ya Uganda, kabla ya eneo hilo kuhamishiwa upande wa Kenya. Wateso na Wasamia walijikuta wakiishi pande zote mbili. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilichozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi wa Februari 2018 kilirahisisha usafiri, lakini hakikuunganisha mitaala.

Kwa miaka kadhaa baada ya uhuru, watahiniwa wa nchi hizi walikuwa chini ya baraza moja la mitihani la Afrika Mashariki. Ushirikiano huo ulivunjika. Tanzania ilijiondoa mapema miaka ya 1970, Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya (KNEC) likaundwa 1980, na la Uganda (UNEB) likapata sheria yake 1983. Kila nchi ikachukua njia yake.

Leo tofauti hiyo inaonekana wazi kwa familia zenye watoto pande zote. Nchini Kenya, fasihi chini ya 8-4-4 imefungwa ndani ya somo la Kiingereza, hivyo hakuna mtahiniwa anayeweza kuikwepa. Nchini Uganda, fasihi ya Kiingereza ni somo linalojitegemea ambalo mwanafunzi huchagua. Tena Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka wa 2020, na watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo wakafanya mtihani wa UCE 2024, wakipimwa zaidi kwa uwezo wa kutumia maarifa katika hali halisi.

Mzazi anayemhamisha mtoto kutoka Tororo hadi Malaba katikati ya masomo, au kinyume chake, anafaa kulijua hilo. Mtoto anayevuka akiwa hajawahi kusoma fasihi atakuta wenzake wamemaliza riwaya moja. Anayevuka akiwa mpenzi wa fasihi huenda akakuta vitabu tofauti kabisa. Uamuzi wa kuhamisha mtoto usifanywe kwa kuangalia karo pekee.

Lakini historia hiyo hiyo inaonyesha kwamba mpaka huu haukuwahi kuzuia fasihi. Ngugi alisomea Makerere, na mchezo wake wa The Black Hermit ukaigizwa Kampala mwaka wa 1962, mwaka ambao pia waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza walikutana katika chuo hicho. Utenzi wa Okot p'Bitek wa Uganda, Song of Lawino, ulichapishwa Nairobi mwaka wa 1966. Tamthilia za John Ruganda, Mganda mwingine, zimewahi kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kenya.

Na ilikuwa Nairobi, mwaka wa 1968, ambapo Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo. Kwamba mtahiniwa wa leo anasoma Meja Mwangi na Gazemba badala ya Shakespeare pekee ni matunda ya mjadala huo. Vitabu hivyo havikuingia darasani kwa bahati nasibu.

Vishawishi vya dakika ya mwisho

Msimu wa mitihani huja na wafanyabiashara wake. Kuna wale wanaodai kuwa na karatasi halisi za mtihani na kuziuza kupitia simu. Kumbukumbu ya KCSE ya 2015, iliyogubikwa na udanganyifu mkubwa, bado haijafutika. Mnamo Machi 2016, Waziri Fred Matiang'i aliivunja bodi ya KNEC, na Profesa George Magoha akateuliwa kuiongoza bodi mpya. Mwaka huo huo makasha maalumu ya chuma yakaanza kutumiwa kuhifadhi karatasi.

Katika fasihi, udanganyifu huwa na hasara maradufu. Hata kama mtu angeletewa swali la kweli usiku wa kuamkia mtihani, asingeweza kusoma riwaya nzima kabla ya mapambazuko. Na akiletewa swali la uongo, ambalo ndilo huuzwa mara nyingi, huingia chumbani akiwa na insha aliyoikariri na ambayo hakuna aliyeiuliza. Mzazi anayechangia fedha za ulaghai huo hununua wasiwasi, na matokeo ya mtoto yakifutiliwa mbali, hununua majuto.

Baada ya 2027

Kuna hoja kubwa zaidi ya mtihani mmoja. Chini ya mtaala wa umilisi, wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza sekondari pevu Januari 2026 walitakiwa kuchagua kati ya mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kiingereza kimebaki kuwa lazima kwa wote. Fasihi ya Kiingereza, kwa upande mwingine, imekuwa somo la kuchagua ndani ya mkondo wa sayansi za jamii.

Serikali imeeleza kwamba inalenga asilimia 60 ya wanafunzi katika mkondo wa sayansi. Lengo hilo lina sababu zake. Lakini athari yake ni kwamba fasihi, ambayo kwa miongo kadhaa imesomwa na kila mtoto wa shule ya upili, huenda ikabaki kuwa ya wachache. Shule ndogo za kutwa, zenye walimu haba, zitavutika kutoa masomo machache yanayowezekana. Somo la kuchagua lisilo na wanafunzi wa kutosha huwa la kwanza kuondolewa kwenye ratiba.

Kwa Busia na Malaba, hilo lina maana kubwa. Vijana wanaokulia katika njia panda ya biashara, ambako simulizi za safari, ushuru, ndoa za pande mbili na mabadiliko ya bei husikika kila siku, ndio wanaoweza kuwa waandishi, wanahabari na wanasheria wa kesho. Wakinyimwa nafasi ya kusoma fasihi kwa kina, eneo hili litaendelea kuandikwa na wageni.

Kifanyike nini

Kwanza, kusoma kuanze mapema. Vitabu teule havifai kungoja Kidato cha Nne. Riwaya yenye kurasa 200 humalizwa kwa siku 20 na anayesoma kurasa 10 kila jioni. Mwanafunzi wa kutwa anayewasaidia wazazi dukani au sokoni anaweza kuzipata dakika hizo kabla ya kulala. Asichoweza kupata ni vitabu vitano kwa wiki moja ya Oktoba.

Pili, kisomwe mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi, mara ya pili kwa kalamu mkononi, akiandika nani alisema nini, wapi na kwa nini. Daftari hilo alilojiandikia mwenyewe ndilo mwongozo bora zaidi, na haliuzwi popote.

Tatu, tamthilia ziigizwe. Tamthilia haikuandikwa isomwe kimya. Wanafunzi wakigawana majukumu darasani na kutamka maneno ya wahusika, watakumbuka dondoo bila kukariri, na kwa wakati huo huo watanoa matamshi yanayopimwa katika karatasi ya kwanza.

Nne, mazoezi ya kuandika yawe mafupi lakini ya mara kwa mara. Aya moja yenye hoja, ushahidi na maelezo, ikisahihishwa kila wiki, ina faida kuliko insha nzima inayoandikwa mara moja kwa muhula na kurudishwa ikiwa na alama nyekundu tu. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi wengi anaweza kuwaacha wasahihishane kwa kufuata mgao wa alama unaojulikana.

Tano, pale ambapo nakala ni chache, shule jirani zishirikiane. Shule za Malaba na Amukura, au za Busia mjini na Nambale, zinaweza kupanga midahalo ya pamoja kuhusu kitabu kimoja na kubadilishana vitabu kwa zamu. Serikali ya kaunti na wafadhili wanaotoa basari wanafaa kukumbuka kwamba nakala kumi za riwaya zinazobaki katika maktaba ya shule huwahudumia wengi kuliko hundi ya mwanafunzi mmoja.

Sita, wakuu wa shule waanze sasa kujiandaa kwa fasihi ya sekondari pevu. Wanafunzi wa mikondo mipya hawataichagua fasihi iwapo wale waliowatangulia wataondoka wakiichukia. Namna darasa la mwisho la 8-4-4 litakavyofundishwa ndiyo itakayoamua kama somo hilo litapata wanafunzi wa kulichagua.

Hakuna kati ya hatua hizo inayohitaji sheria mpya ya bunge wala mkopo kutoka ng'ambo. Zinahitaji mwalimu anayesoma pamoja na wanafunzi wake, mzazi anayenunua kitabu kabla ya mwongozo, na mtahiniwa anayekubali kwamba alama 65 haziwezi kuokotwa kwa usiku mmoja. Waswahili walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mtahiniwa wa Busia na Malaba, kuinama huko ni kukifungua kitabu chenyewe, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kabla ya Novemba kufika.